Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya magereza: ufundi usiishie getini

Waheshimiwa mawaziri mnaosimamia magereza, makamishna na wakuu wa vituo, pamoja nanyi mnaosimamia mitihani na vyeti vya taifa,

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea. Naingia gerezani kufundisha kusoma, kuandika na hesabu za ufundi, na nawaandikia kwa sababu nimeona jasho la watu wengi likipotea mahali pamoja: getini. Mfungwa anajifunza, askari anamfundisha, serikali inanunua mbao na nyuzi, kisha siku ya kuachiwa mtu huyo anavuka geti bila kitu chochote ambacho mwajiri, chuo au mteja anaweza kukitambua. Ninachowaomba ni hiki: fani inayofundishwa gerezani iwe ile ile ya uraiani, ipimwe na wale wale wanaopima uraiani, na imfuate mtu kila mtakapompeleka na kila atakapokwenda akishatoka mikononi mwenu.

Nianze na karakana, maana hapo ndipo mambo yanapochanganywa. Nimewahi kumfundisha hesabu kijana aliyekuwa kwenye karakana ya kushona sare. Kazi pale imegawanywa: mmoja anakata, mwingine anaunga mabega, mwingine anaweka mifuko, na kijana huyu alikaa kwenye kola. Kola zake zilikuwa safi. Ncha mbili zinalingana, mshono wa juu umenyooka, hakuna kunyanzi hata upande wa ndani. Askari mkufunzi alimsifu mbele yangu, na sifa zile alizistahili. Siku moja nikampa zoezi: mpime mwenzako, kisha piga hesabu ya kitambaa cha shati la mikono mirefu. Alibaki ameshika futikamba, hajui aanzie wapi. Tangu aingie karakana ile hakuwahi kupima mwili wa mtu. Mkasi wa kukatia hakuwahi kuushika, kwa kuwa mkasi una daftari lake, hutolewa kwa saini na kurudishwa kwa saini, na aliyeaminiwa kuushika alikuwa mtu mmoja tu. Kifungo chake kingeisha akiwa hodari wa kola, na hakuna mteja atakayemletea fundi kola peke yake.

Simlaumu yule askari. Alipewa idadi ya sare za kutimiza, akaitimiza. Lakini kile ni kiwanda, wala si mafunzo, na tofauti hiyo mnaijua. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa kwanza mwaka 1955, zikafanyiwa marekebisho na kupitishwa upya na Baraza Kuu mwezi Desemba 2015 kwa jina la Kanuni za Nelson Mandela, zinalisema jambo hili waziwazi. Kanuni ya 99 inataka kazi ya gerezani ipangwe kwa namna inayofanana kadiri inavyowezekana na kazi ya nje, na inasema maslahi ya wafungwa na mafunzo yao ya ufundi yasiwekwe chini ya nia ya kupata faida kutokana na viwanda vya gerezani. Sipingi gereza kuzalisha. Sare zinahitajika, madawati yanahitajika, na mtu aliyekaa bila kazi kutwa nzima huharibika. Naomba tu anayezalisha azungushwe: miezi kadhaa kwenye kola, miezi kadhaa kwenye mifuko, na kabla hajatoka awe amepima, amekata, ameshona na amemaliza vazi zima kwa mkono wake, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumpa alama. Kuhusu mkasi, suluhisho liko kwenye karakana nyingi tayari: ubao ukutani uliochorwa umbo la kila kifaa, kila kimoja na msumari wake, hivi kwamba kikikosekana kimoja mchoro wake unabaki wazi na kila mtu anauona. Ulinzi wa namna hiyo unaruhusu vifaa kumi vitoke kwa wakati mmoja bila mtu kukosa usingizi.

Jambo la pili ni muda, na hili huniuma kuliko yote. Kozi nyingi za ufundi zimetungwa kwa mwanafunzi wa chuo, anayeanza Januari na kumaliza akiwa pale pale. Mfungwa hapangiwi maisha hivyo. Kifungo chake kinaweza kuwa cha miezi minane, na kozi ni ya mwaka mzima. Anaweza kuanza useremala, akafika kwenye kuunga mbao kwa ulimi na tundu bila msumari, usiku akaitwa jina, alfajiri yuko kwenye gari la kuhamishwa kwenda kituo ambacho hakina randa hata moja. Anaweza kupunguziwa kifungo au kupata msamaha, akaenda nyumbani wiki chache kabla ya mtihani. Hiyo ni furaha, na hakuna mwalimu atakayemwombea mtu abaki ndani ili afanye mtihani. Ila mtihani ule alijiandikisha, ada yake ililipwa, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba anaweza kuufanyia nje, au aende wapi, au amwone nani.

Dawa ya hili inajulikana na haihitaji majengo mapya. Kozi igawanywe vipande vifupi, kila kipande kikiwa na mtihani wake na hati yake. Anayejua kupaka rangi, kupima na kukata mbao apewe hati ya hayo, hata kama milango na madirisha hajafika. Jalada la masomo ya mfungwa lisafiri pamoja naye, kama linavyosafiri jalada la kesi na la afya, ili mwalimu wa kituo kipya ajue aanzie wapi. Na mfungwa aliyebakiza muda mfupi kufikia mtihani asihamishwe ila kwa sababu ya usalama au matibabu, na sababu hiyo iandikwe na mkuu wa kituo kwa jina lake. Najua uhamisho hufanywa kwa sababu nzito: msongamano, kesi mahakamani, ugomvi. Lakini nimeona pia orodha zikitungwa kwa kuangalia idadi tu, bila mtu kuuliza nani yuko darasani.

Nifike kwenye cheti chenyewe. Kuna magereza yanayotoa hati yao wenyewe, yenye nembo ya gereza na sahihi ya mkuu wa gereza, na yanaitoa kwa nia njema na kwa sherehe nzuri, watu wakipiga makofi. Mwenye hati hiyo hawezi kuionyesha popote. Akiionyesha amejitangaza alikotoka kabla hajaulizwa anajua nini, na akiificha ni kama hakusoma. Kwa watoto na vijana walio kizuizini dunia ililiona hili zamani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwalinda watoto walionyimwa uhuru, zilizopitishwa Desemba 1990, zinasema katika kanuni ya 40 kwamba vyeti wanavyopata wakiwa kizuizini visionyeshe kwa namna yoyote kwamba waliwahi kuwekwa huko. Sioni sababu ya kanuni hiyo kuishia kwa watoto. Mtu mzima wa miaka 35 anayetafuta kazi ya kuchomelea vyuma anauhitaji ulinzi ule ule. Cheti kitolewe na chombo kile kile kinachowapa vyeti wanafunzi wa nje, chenye nembo ya chombo hicho, na namba ya kituo cha mtihani isiyomtambulisha mtu kuwa alikuwa mfungwa.

Hapa naongea hasa na nyinyi wa mitihani na vyuo, kwa kuwa mara nyingi mambo ya gerezani huonekana ni ya wenzenu wa magereza peke yao. Kanuni ya 104 ya Kanuni za Nelson Mandela inataka masomo ya wafungwa yaunganishwe na mfumo wa elimu wa nchi, ili wakishaachiwa waendelee bila taabu. Norway wamelichukua hilo kwa uzito: mwalimu anayefundisha gerezani ni mwajiriwa wa shule ya nje, yuko chini ya mamlaka ya elimu, na gereza humpokea tu na kumpa chumba na ulinzi. Uzuri wa mpango huo unaonekana siku mfungwa anapotoka. Shule ile ile iko mtaani, mwalimu anamjua, na kipindi kinaendelea kilipoishia. Nchi zisizo na uwezo wa Norway zinaweza kuanza na hatua ndogo. Chuo cha ufundi kilicho karibu na gereza kimtume mkufunzi siku chache kwa wiki, na majina ya wanafunzi wa gerezani yaingie kwenye rejista ya chuo hicho, tena kama wanafunzi wake halali.

Hata cheti kizuri kinaweza kugonga mwamba. Jimbo la California nchini Marekani kwa miaka mingi limekuwa likiwafundisha wafungwa kuzima moto wa nyika. Wanapanda milimani na mashoka na misumeno ya mnyororo, wanakata njia ya kuuzuia moto, wanahatarisha maisha kuokoa nyumba za watu. Walipokuwa wakiachiwa, wengi walikuta idara za zimamoto hazina nafasi ya kuwaajiri, kwa kuwa kazi hiyo ilidai leseni ya huduma ya dharura ya afya, na leseni hiyo walinyimwa kwa sababu ya makosa yao ya zamani. Serikali iliwafundisha kazi, ikawatumia katika kazi hiyo, kisha sheria zake zenyewe zikawakataza kuifanya kwa mshahara. Ilikuwa hadi Septemba 2020 ndipo gavana aliposaini sheria inayowaruhusu waliotumika kwenye kambi hizo kuomba mahakama ifute rekodi zao, wapate njia ya kuifikia leseni.

Basi kabla hamjafungua darasa jipya la fani yoyote, someni sheria za leseni za fani hiyo. Umeme una leseni, udereva una leseni, ulinzi una leseni, hata kunyoa watu mahali pengine kuna leseni. Kama mwenye rekodi ya jinai haruhusiwi kupewa, mna mambo mawili ya kufanya: badilisheni sheria hiyo, au msimfundishe mtu miaka miwili kazi ambayo hataruhusiwa kuifanya. Naomba mchague la kwanza pale ambapo kosa la mtu halihusiani na kazi yenyewe. Aliyeiba ng'ombe akiwa na miaka 19 ana kosa gani na nyaya za umeme? Na kwenye fomu za kazi, swali la kama mwombaji aliwahi kufungwa lisogezwe mwishoni, baada ya kuonekana kama kazi anaiweza. Hawaii walianza utaratibu huo mwaka 1998, na majimbo mengine mengi ya Marekani yakafuata.

Najua swali mnaloulizwa mkitoka kuomba bajeti, kwa sababu na mimi naulizwa na ndugu zangu wenyewe. Kwa nini aliyeniibia asome bure, na mwanangu ambaye hajamdhuru mtu ashindwe ada? Ni swali la haki na linatoka kwenye maumivu ya kweli. Sitalipuuza. Mwaka 1994 swali hilo lilishinda Marekani, na sheria ikawaondolea wafungwa ruzuku ya serikali ya masomo ya chuo inayoitwa Pell. Programu za vyuo ndani ya magereza zikafungwa moja baada ya nyingine. Imechukua karibu miaka 30: wafungwa walirudishiwa haki ya kuomba ruzuku hiyo kwa ukamilifu Julai 2023. Katikati ya miaka hiyo watu waliingia na kutoka magerezani vile vile, na mtoto wa jirani hakupata ada kwa kuwa mfungwa kanyimwa.

Kinachobaki ni hesabu. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikusanya tafiti za Marekani mwaka 2013 na kukuta kwamba wafungwa walioshiriki masomo, kwa kipimo cha watafiti hao, walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 43 wa kurudi gerezani kuliko wasioshiriki. Walikadiria pia kwamba kila dola 1 iliyotumika kwenye masomo iliokoa kati ya dola 4 na 5 za gharama ya kuwafunga tena ndani ya miaka 3 ya kwanza. Mtu makini atasema wanaojiandikisha darasani ni wale waliokwisha kuamua kubadilika, na kuna ukweli katika hilo. Watafiti wenyewe walijitahidi kulizingatia. Hata ukipunguza tarakimu zile, mizani haigeuki. Nami naongeza jambo lisilo la fedha: aliyeibiwa jana ana haki ya kutaka asiibiwe tena na mtu yule yule, na wengi mno wa walioko ndani wana tarehe ya kutoka. Tarehe hiyo itafika, wawe wamefundishwa au hawajafundishwa.

Nawaomba pia mwondoe masomo kwenye orodha ya adhabu. Mfungwa akikutwa na kosa la nidhamu, jambo rahisi la kumnyang'anya ni darasa, kwa kuwa halimgharimu askari chochote. Kwenye gereza la kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, ruhusa ya kusoma ilikuwa hisani ya wakubwa, na Nelson Mandela alinyimwa ruhusa hiyo kwa miaka 4 baada ya maandishi yake ya siri kugunduliwa. Aliendelea hata hivyo, akapata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, bado akiwa mfungwa. Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kifo, akawa mbele katika shauri la wafungwa zaidi ya 400 lililoifanya Mahakama ya Juu mwaka 2009 kukataa adhabu ya kifo ya lazima, akasomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani, na akaachiwa mwaka 2016. Hao ni watu wa pekee, na sitegemei kila mfungwa awe wakili. Nawataja kwa sababu hakuna aliyewatazama siku ya kwanza akajua watafika wapi, na afisa mwenye uwezo wa kufunga darasa kwa hasira ya siku moja anaweza kumfungia mtu wa namna hiyo.

Brazil wamekwenda upande mwingine kabisa, na naona wamefanya busara. Tangu sheria yao ya mwaka 2011, mfungwa anapunguziwa siku 1 ya kifungo kwa kila saa 12 za masomo, mradi saa hizo zisambae kwenye siku zisizopungua 3. Ukiweka utaratibu wa namna hiyo, darasa linakuwa na sababu ambayo hata mtu asiyependa kitabu anaielewa, na mahudhurio yanaandikwa vizuri kwa kuwa yana thamani mahakamani.

Yapo mengine nitayapitia haraka, si kwa udogo wake. Wanawake wasiachiwe kusuka na kufuma tu kwa kudhaniwa kwamba ndiyo kazi zao. Na mama mwenye mtoto mchanga gerezani apate wa kumshikia mtoto wakati wa kipindi, kama Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, zinavyotaka. Mahabusu nao wakumbukwe. Hawajahukumiwa, kwa hiyo hawalazimishwi kufanya kazi, lakini wapo wanaongoja kesi muda mrefu kuliko vifungo vya wengine, na hakuna kanuni inayokataza kuwafungulia mlango wa darasa. Askari wakufunzi wapandishwe vyeo wakiwa wakufunzi. Leo fundi mzuri mwenye sare anajua kwamba akibaki karakana miaka kumi wenzake wa lindo watampita cheo, naye anaomba kuondoka, na karakana inabaki na kufuli.

Na vifaa. Kanuni ya 103 ya Kanuni za Nelson Mandela inataka mfungwa apate malipo ya haki kwa kazi yake, na sehemu ya malipo hayo iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kuachiwa. Akiba hiyo, hata ikiwa ndogo, igeuzwe kuwa vifaa kwa anayetaka: randa, patasi, msumeno na nyundo kwa seremala, mkasi, futikamba na pasi kwa mshonaji. Kikundi cha watatu au wanne wanaotoka karibu karibu na wanaoishi eneo moja wakopeshwe cherehani au mashine ya kuchomelea kwa pamoja. Wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi. Mtu anarudi kwenye nyumba ambayo imezoea kuishi bila yeye, majirani wanahesabu kuku wao, na marafiki wa zamani ndio wa kwanza kubisha hodi. Mwenye kifaa mkononi ana sababu ya kuwaambia wale marafiki kwamba leo ana kazi ya watu.

Mwisho nawaomba takwimu za aina nyingine. Ripoti zenu za kila mwaka huhesabu wafungwa walioandikishwa kwenye masomo. Ongezeni walioketi mtihani, waliopata cheti cha chombo cha taifa, waliohamishwa au kuachiwa kabla ya kumaliza na waliosaidiwa kuendelea nje, na wale ambao mwaka mmoja baada ya kutoka wanafanya kazi waliyojifunza. Zichapisheni kwa kila kituo na kila fani, nzuri na mbaya. Kituo ambacho namba ya mwisho ni sifuri kipelekewe mkaguzi wa ufundi, akae karakana siku nzima, aulize kila mfungwa aonyeshe anachoweza kukifanya tangu mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa.

Niko tayari kuja kueleza zaidi, na wako walimu na askari wengi wanaoweza kueleza kunishinda mkiwaita.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa kujitolea gerezani